Sufuria ya Nyumba ya Pembe

Masama, 12 Mei 2025

Mpendwa Baba Mdogo Aminieli,

Shikamoo. Leo mvua imetupa nafasi ya kupumua, nami nikasema nianze na wewe kabla ya shughuli nyingine. Nyonga yako inasemaje? Binti yako Gladness anasema umeanza kusimama kwa fimbo na kwamba unamfokea kila anayekushika mkono. Nilicheka nikajua unapona. Huku nyumbani kwako Mama Mdogo Elinipendo ni mzima. Ng'ombe wake amezaa ndama jike, na amenikataza kukutajia jina alilompa mpaka urudi ulisikie mwenyewe. Mwanao Wilson naye yupo. Migomba michache ya upande wa makaburi imelala kwa upepo. Kanisani wanakuombea kila Jumapili, na mzee wa usharika anauliza kama Gladness na mkweo Mrombo wameshakubatiza upya uwe Mkatoliki.

Najua masikio yako yamekataa simu, na ujumbe nikiutuma kwenye simu ya Gladness unasomwa na nyumba nzima kabla haujakufikia. Kwa hiyo ni barua. Namwachia Hilaria muuza dagaa sokoni Mbuyuni, naye atampa Thadeus, konda wa basi la Tarakea. Ikichelewa usinilaumu mimi.

Sasa jambo lenyewe. Mafuriko yamebeba banio letu la kuingiza maji mferejini. Mawe yote yamekwenda na mto, na mfereji ni mkavu kuanzia juu mpaka kwa Elifuraha fundi cherehani. Kwa sasa hakuna anayelia kwa sababu mvua ipo. Lakini masika yakiisha, migomba, maharage ya chini, majani ya ng'ombe, vyote vinangoja maji hayo. Tusipolijenga banio kabla ya jua la Agosti, tutauza ng'ombe.

Ulipovunjika nyonga kwenye komunio ya mjukuu huko na kutuma neno kwamba mfereji nishike mimi, watu walinyoosha mikono kwa heshima yako. Sikujidanganya. Lakini nilifanya kazi ya kuhamasisha vikundi vya akina mama Moshi mjini miaka mingi, nikasema hii naiweza. Nimefungua kundi la WhatsApp la mfereji. Nikitangaza msaragambo wa Jumamosi, kila nyumba ije kujenga, wananijibu kwa vidole gumba na mikono ya kusali mpaka simu inapata moto. Jumamosi yenyewe wanakuja wachache. Nikapika chai, nikaleta mandazi, nikamsifu kila mmoja kwa jina lake mbele ya wenzake. Jumamosi iliyofuata wakapungua tena.

Pembe ya kuita watu inalia vizuri. Wilson anaipuliza alfajiri kama ulivyomfundisha, na inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Wewe uliwatoaje watu ndani?

Mwanao,
Loveness Anaeli


Tarakea, 25 Mei 2025

Loveness mwanangu,

Marahaba. Barua imenifikia ikiwa na harufu ya dagaa, nadhani Hilaria aliifungia humo. Mimi sijambo kuliko jana. Huku kila anayeingia ananiambia Tumsifu Yesu Kristo, nami najibu Milele Amina kwa sauti kubwa ili wasidhani nimenuna. Mkwe wangu ni mtu mwema lakini ndizi zao wanazipika zikiwa ngumu. Mwambie Mama Mdogo wako ndama nitampa jina mimi.

Umeniuliza niliwatoaje watu ndani. Sikuwatoa kwa mandazi. Nani alikufundisha kumlipa mtu chai ili ajenge banio lake mwenyewe? Hayo ndiyo mambo ya semina zenu za hotelini, mnakaa kwenye viti vya kitambaa mnakula sambusa na kuandika ubaoni neno hamasa. Mtu akishibishwa hamasa analala usingizi.

Sheria ya mfereji unaijua, ulikua ukiiona. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Nyumba isiyotoa mtu, inatoa chombo. Unakwenda na wajumbe wa kamati, mchana, watu wakiona, unachukua jembe, au sufuria, au mbuzi, na hakirudi mpaka hiyo nyumba imefanya kazi yake. Hutukani mtu. Hupandishi sauti. Unachukua na kuondoka. Mwaka mmoja nilichukua redio ya mwalimu mkuu wakati wa taarifa ya habari, na Jumamosi iliyofuata mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza mtoni.

Wewe una moyo wa baba yako, marehemu Anaeli. Alikuwa mtu wa kuomba watu. Nakwambia kwa sababu nakupenda, acha kuomba. Mimi ndiye niliyetaja jina lako na watu wanajua. Usiniaibishe.

Baba yako mdogo,
Aminieli


Masama, 14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia unalalamikia ndizi, maana mgonjwa hachagui chakula. Mama Mdogo anakusalimu. Nimempelekea maneno yako ya ndama, akasema umechelewa, jina limeshaitikiwa. Mvua zimekatika wiki hii. Asubuhi kuna ukungu na baridi, mchana jua linachoma kweli.

Sina habari nzuri. Jumamosi iliyopita tulikuwa mtoni na wale wale wanaokuja kila mara. Kulikuwa na jiwe la kuziba mdomo wa banio, jiwe la kubebwa na watu wengi, sisi tulikuwa wachache. Nilisema tujaribu. Mimi ndiye niliyesema, Baba Mdogo. Niliwaimbia kabisa ili waongeze nguvu, wakaitikia, na walipolisukuma likateleza. Mkono wa Elifuraha ulikuwa chini. Vidole viwili vimepondeka. Tulimteremsha kwa bodaboda mpaka Boma, akapelekwa hospitali Moshi, wamemshona, na daktari anasema kimoja hakitakunja tena. Ni fundi cherehani. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Pole kwa kazi, mwenyekiti." Yeye ndiye aliyenipa pole.

Nimelia njia nzima kurudi. Wanaokuja ndio wanaoumia kwa ajili ya wasiokuja, na mimi kazi yangu imekuwa kuwashukuru. Siwezi kuendelea hivi. Umesema kweli kuhusu chombo, nakiri, na kamati imekubali.

Lakini nina swali moja na nakuomba ulijibu ukiwa umetulia. Watu wasiokuja wana sababu yao, wote wanasema sababu moja, na hawaisemi mbele yangu. Wanataja nyumba moja. Wanasema nyumba ile ikitoka, na wao watatoka. Kama nyumba yenyewe ni ya mtu tunayemheshimu, mtu ambaye mimi binafsi nimekula kwake na nimesomeshwa naye, nianze na hiyo? Au nianze na wanyonge kwanza, hiyo niiache mpaka mambo yapoe?

Fikiria kwanza kabla hujaandika.

Mwanao,
Loveness


Tarakea, 22 Juni 2025

Loveness,

Marahaba. Mpe Elifuraha pole zangu. Nimetuma kitambaa cha suruali kwa Thadeus, ashone akipona, asiharakishe.

Swali lako limenikera. Uongozi gani wa kuanza na mjane mwenye sufuria moja na kumwacha mkubwa? Watu wakuone unapita kwa wadogo tu, hawatakuogopa wala hawatakupenda tena. Anza na nyumba kubwa. Hata kama ni ya mchungaji. Hata kama ni ya diwani. Nani huyo aliyekusomesha, yule mwalimu wa sekondari mwenye nyumba ya vigae? Siku zote nilimwona ana kiburi. Usinitajie, sitaki jina, ila nenda. Chukua chombo kikubwa kuliko vyote alivyo navyo, mchana kweupe, pitisha barabarani.

Akikuuliza nani amekutuma, mwambie ni Aminieli.

Nashangaa Wilson haniandikii hata mstari mmoja. Muulize kama kalamu zimekwisha Masama.

Baba yako mdogo,
A.


Masama, 30 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo tena. Mama Mdogo Elinipendo ni mzima, na wewe Mungu akupe nguvu. Leo sitazunguka sana kwenye salamu maana nikiandika habari za migomba nitaishia hapo hapo.

Nyumba ni yako.

Nimeandika na sijafuta. Sasa nieleze. Kila Jumamosi alfajiri Wilson anatoka uani, anapuliza pembe vizuri sana, mpaka mbwa wa ng'ambo wanaitikia. Halafu anaitundika ukutani na kurudi ndani. Watu wakipita getini na majembe begani wanamwona barazani na simu yake. Anawapungia mkono. Siku ile Elifuraha alipoumia, tulimpitisha hapo hapo mbele ya geti, kitambaa kikivuja damu, na Wilson alisimama akatuuliza kulikoni.

Nimemfuata mara kadhaa. Nilianza kwa utani, nikaja kwa upole, mwisho nikamfokea. Jibu lake ni moja: "Dada, nyumba ya pembe haichimbi. Muulize baba." Naye hadanganyi. Sijawahi kukuona umeshika jembe mtoni. Baba yangu alichimba, mimi na mama tulichimba, na tulikuwa ukoo mmoja na wewe. Ila pembe ilibaki kwako kwa sababu wewe ndiye uliyerithi nyumba ya babu. Hakuna aliyewahi kunung'unika, na nimefikiri sana ni kwa nini. Ni kwa sababu ulikuwa unapuliza pembe halafu unateremka mtoni kabla yetu. Ulisimama pale na koti lako jeusi mvua ikikunyeshea, ukijua nani anaumwa mgongo na nani ana mimba, na uliondoka baada ya mtu wa mwisho. Hukuchimba, lakini ulikuwepo. Sasa umebaki mlio peke yake.

Watu wana msemo wao siku hizi wakisikia pembe. Wanasema, "Hiyo inaita wengine." Wanageuka upande wa pili na kulala.

Uliniambia nianze na nyumba kubwa, nichukue chombo kikubwa, mchana kweupe. Nimekutii kila ulichosema tangu nikiwa mdogo. Kama Wilson hatashuka mtoni, nitakwenda kwako na kamati Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai, na nitachukua ile sufuria kubwa ya Krismasi. Nimekuandikia mapema ili usiisikie kwa mtu.

Nakuogopa, Baba Mdogo. Sijui kama naruhusiwa kusema hivyo kwenye barua. Ada yangu ya shule ulilipa wewe, na siku ya mazishi ya baba ulinishika mkono hukuuachia mpaka jioni. Naogopa kwamba nikichukua hiyo sufuria nakupoteza, na nisipoichukua, maji hayaji.

Mwanao,
Loveness


Tarakea, 6 Julai 2025

Bi Loveness Anaeli,

Babu yetu ndiye aliyeyatoa maji mtoni watu wengine wakiwa bado wanachota kwa vibuyu. Alipomaliza, aliitundika pembe nyumbani kwake na kusema nyumba hii itaita. Baba yangu aliita. Mimi nimeita. Mwanangu anaita. Hilo halikuanzishwa kwenye simu wala halifutwi kwenye simu.

Niliposema nyumba kubwa nilikuwa na maana yangu na wewe umejifanya huijui.

Ndani ya barua hii kuna jani la isale. Nimelikata mwenyewe kwenye uzio wa mkwe wangu, nikiwa nimeegemea fimbo. Wewe ni Mchagga, sina haja ya kukufundisha. Aliyeletewa isale hakatai. Liache jambo hili, iache nyumba yangu.

Aminieli


Masama, 19 Julai 2025

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hata kama hutaitikia, mimi natoa.

Barua yako ilikaa kwa Hilaria siku kadhaa, alikwenda kwenye msiba Same. Ilinifikia Ijumaa, siku moja kabla ya siku niliyokuandikia. Nilipofungua bahasha isale likaanguka mapajani, bado la kijani, na kipande kidogo cha shina. Nilikaa kitako. Sijawahi kuletewa isale maishani mwangu. Nimeona wazee wakipelekeana kuombana msamaha, nimeona ndugu waliotaka kukatana mapanga wakilala nyumba moja kwa sababu ya jani hilo. Nilisema basi, yamekwisha, siendi.

Halafu nikajiuliza nakwenda kuwaambia nini watu. Kwamba nimesamehe. Wataniuliza nimesamehe nini. Nikasoma barua yako tena, kwa mwanga wa dirishani, nikitafuta kosa. Umetaja babu, umetaja pembe. Kosa hukulitaja.

Nikachukua jani nikaenda nalo kwa Mama Mdogo Elinipendo. Yeye ndiye mwenye nyumba kwa sasa, sikutaka kumficha. Alikuwa anakamua. Nilimwonyesha, nikamsomea barua yote, na hakugeuza kichwa mpaka alipomaliza kukamua. Kisha akafuta mikono, akalishika jani, akaliangalia pande zote mbili. Akasema, "Aminieli amekuletea isale?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ameshasema mwenyewe. Tangu lini mtu asiye na kosa akatuma isale?" Akaingia ndani. Nilisikia vyombo vikigongana. Akatoka na ile sufuria, ameshaisugua kwa majivu. Akasema, "Kesho njoo na kamati yako, mchana, kama sheria. Nitawapa kwa mikono yangu. Leo nimeiosha tu isije ikatia aibu."

Kwa hiyo nimelipokea isale, Baba Mdogo. Sikulikataa na sitalikataa. Siku utakayoniandikia kosa lenyewe nitasamehe siku hiyo hiyo, kabla sijamaliza kusoma.

Na sufuria nimeichukua.

Nitakwambia ilivyokuwa, kwa sababu utaambiwa na wengine kwa chumvi. Tulifika wajumbe wa kamati na mimi. Mama Mdogo alitukabidhi getini, kwa mikono miwili. Niliibeba kichwani mwenyewe. Barabarani watu walitoka kwenye vihamba vyao vya migomba kama wanaoangalia harusi, ila hakuna aliyepiga vigelegele. Nilisikia mtu akisema, "Hiyo si ya Mzee Aminieli?" Na mwingine akajibu, "Ndiyo yenyewe." Nilifikiri nikiteleza sasa hivi, nitacheka na kulia pamoja.

Kiongozi wa hamasa ndani yangu hajafa, unisamehe kwa hilo. Sikuiweka sufuria ofisini kwa kamati ikae kama mfungwa. Niliifikisha mtoni, nikawasha moto, nikapika kiburu humo, ndizi mshare na maharage, ya kutosha kila mwenye jembe. Sheria yako iliichukua, mimi nikaijaza. Nilitangaza kwamba atakayechimba atakula na atakayekuja kuangalia ataangalia. Wengi walikuja kuangalia. Harufu ilipoanza kutoka, baadhi walirudi nyumbani, nikadhani wamekwenda zao. Walirudi na majembe.

Wilson alifika wakati wa jua kali. Alikuwa amekasirika mpaka midomo imekauka. Alisema mbele ya watu wote, "Rudisha sufuria ya baba." Nikamwambia, "Inarudi kazi ikiisha." Akasema mimi ni mtu wa kukaribishwa tu kwenye mfereji huu, pembe ni ya kwao. Nilitaka kumjibu vibaya, nilikuwa na neno tayari mdomoni. Elifuraha alikuwa amekaa pembeni na mkono wake uliofungwa, alikuja tu kutupa moyo. Akanyanyuka, akachukua jembe lake mwenyewe kwa mkono mzima, akampa Wilson. Akasema, "Shika hili langu, mimi silitumii."

Wilson alilishika. Kisha akavua viatu.

Alichimba mpaka jioni. Hakula. Nilimwekea sahani, akaipita.

Lile jiwe lililomponda Elifuraha limekaa mahali pake. Walilibeba watu wengi kiasi kwamba wengine hawakupata pa kushika.

Nangoja barua yako.

Mwanao,
Loveness


Masama, 17 Agosti 2025

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Hilaria anasema Thadeus anasema hakuna kitu. Nimemtuma mtu wa tatu kuhakikisha, kisha nikaona aibu. Gladness amenitumia ujumbe kwamba u mzima na unakula. Nashukuru, lakini hiyo siyo barua.

Jua limekuwa kali. Maji yanafika mpaka maharage ya chini, na jana akina mama wa usharika walitoa shukrani. Migomba yako imeshiba. Sufuria ilirudi siku banio lilipomalizika, niliirudisha mwenyewe, imesuguliwa, haina hata alama ya masizi. Mama Mdogo aliipokea kama alivyoitoa.

Wilson anapuliza pembe na kutangulia mtoni. Hanisalimii bado. Ananijibu tu nikimsalimia. Juzi alimkemea kijana mmoja aliyechelewa, kwa sauti ile ile yako, nikageuka nikidhani ni wewe.

Watu wananisifu, na mimi usiku wa manane naamka nikiwa nimekunja ngumi. Wanasema sasa tumepata mwenyekiti. Sijui nimempata nani na nimempoteza nani. Nimechoka kuwa hodari. Ningependa kufokewa na wewe.

Isale lipo. Nimeliweka kwenye glasi ya maji dirishani na shina lake limeanza kutoa mizizi.

Loveness


Tarakea, 31 Agosti 2025

Loveness mwanangu,

Marahaba. Marahaba na zile za barua mbili ambazo sikuziitikia.

Huku baridi imeingia kwenye mifupa. Gladness ni mzima, mkwe wangu ameniletea blanketi jipya. Nimeshaanza kuzizoea ndizi zao, usimwambie mtu.

Wilson alikuja wiki iliyopita. Sikumwita. Alipanda basi la asubuhi, akaingia na mkungu wa ndizi begani, akaketi mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza kwa nini ameivunjia nyumba yetu heshima, maneno nilishayapanga. Akanyoosha mikono kunipa chai, nikaona viganja vyake. Malengelenge yamepasuka na kukauka na kupasuka tena. Nikamwuliza yanauma? Akasema, "Sasa hivi hapana." Akatabasamu, mwanangu ambaye tangu awe mkubwa sijui kama nimewahi kumwona akitabasamu kwa jambo alilolifanya mwenyewe. Akaanza kunieleza jinsi jiwe lilivyokaa, nani alishika upande gani, akichora kwa kidole mezani. Simsikii vizuri lakini nilielewa yote. Simu yake ililia akaiacha.

Alipolala niliviangalia viganja vyangu chini ya taa. Umri huu wote, na ni laini kama vya karani. Nilikuwa najivunia.

Ulisema niandike kosa. Nililikataa neno lako mwezi mzima, nikilitukana, na nilikuwa nakasirika zaidi kwa Elinipendo kuliko kwako, maana alisema kweli na alisema akiwa anakamua ng'ombe. Kosa ni hili: nyumba yangu imekunywa maji ambayo haikuyachimba, na nikamfundisha mwanangu kwamba hiyo ndiyo heshima. Nimeliandika. Wewe ulisema utasamehe kabla hujamaliza kusoma, kwa hiyo nadhani hapa ulipofika umeshasamehe.

Gladness na mumewe watanileta Masama mwezi ujao. Najua kabla ya vuli mnasafisha mfereji wote. Nyonga hainiruhusu kuingia mtoni, na kusimama na koti jeusi nikiwaangalia sasa nitaona haya. Lakini kwenye kigoda nakaa vizuri na mikono ina nguvu. Mkipika tena, ndizi mtahitaji nyingi na mtu wa kuzimenya lazima awepo. Niandike jina langu hapo. Liandike kama la kila mtu, usiweke Mzee.

Lile isale lipande penye banio, upande wa jiwe la Elifuraha.

Baba yako mdogo,
Aminieli


Masama, 9 Septemba 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nilisamehe nilipofika kwenye viganja. Barua iliyobaki niliisoma nikiwa nimesimama nje kwa sababu ndani nilikuwa siwezi kukaa.

Isale limepandwa. Wilson alichimba shimo, Elifuraha akalishikilia kwa mkono wake mbovu, anasema unafaa kwa kazi hiyo. Suruali yake ameishona, mshono mmoja umepinda na hataki kuurekebisha.

Jina lako nimeliandika bila Mzee, kwa wamenya ndizi, chini ya Elinipendo. Yeye ndiye msimamizi wao na hapendi ganda nene. Jina la ndama bado sikwambii. Sufuria ni ile ile. Safari hii ameitoa mwenyewe kabla hatujaomba.

Msaragambo ni Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Pembe italia alfajiri. Ukichelewa, naikamata hiyo fimbo yako, na nitakorogea kiburu.

Mwanao, na mwenyekiti wako,
Loveness